Nani Alipe Bampa: Gharama za Kutengeneza Gari la Kukodi

Anayekodi gari hukabidhiwa mali ya mwenzake kwa muda na kwa malipo, na sheria ya Tanzania inamtaka aitunze kama mtu wa busara za kawaida anavyotunza mali yake mwenyewe. Wajibu huo umo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa Tanganyika mwaka 1961 kwa kufuata sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872. Ni sheria ya zamani, lakini ndiyo inayoamua kesi ya Toyota IST iliyobonyezwa mlango pale Mwenge au ya Noah iliyovunjwa taa ikirudi kutoka harusini Mbagala.

Sheria hiyo inagawa mzigo kwa namna ambayo wengi hawaijui. Mkodi aliyelitunza gari ipasavyo, likapatwa na madhara yasiyotokana na uzembe wake, hawajibiki kulipa, isipokuwa kama mkataba unasema vinginevyo. Aliyezembea analipa. Naye aliyelitumia gari kinyume cha makubaliano, kwa mfano akampa usukani mtu asiyetajwa kwenye mkataba, au akalifikisha Morogoro ilhali walikubaliana lisitoke nje ya jiji, analipa hata kama ajali haikutokana na uzembe wake. Upande wa pili nako kuna wajibu: mwenye gari anayechukua fedha ya kukodisha anabeba hasara inayotokana na ubovu wa gari lenyewe, hata kama hakuujua. Breki zikifeli kwenye mteremko kwa sababu ya bomba lililochakaa, haki haiko kwa mwenye gari anayedai bampa. Iko kwa mkodi, ambaye anaweza hata kudai fidia yeye.

Ugumu wa haya yote ni ushahidi, na ushahidi hutengenezwa siku ya kukabidhiana. Sehemu kubwa ya ukodishaji jijini Dar es Salaam haipiti kwenye kampuni kubwa zenye kaunta uwanja wa ndege. Ni mtumishi wa serikali mwenye gari moja la ziada, mfanyabiashara wa Tandika mwenye magari matatu, au dalali wa Sinza anayemtafutia mteja gari la mtu asiyemfahamu. Funguo hutolewa kando ya barabara, dhamana hutumwa kwa simu, kitambulisho hupigwa picha, safari inaanza. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba halali. Tatizo lake huonekana gari linaporudi na mchubuko ambao mmoja anasema ni mpya na mwingine anasema ulikuwepo.

Dakika 10 za kulizunguka gari huokoa ugomvi huo. Video ya simu inayoanza kwenye namba ya gari, ikapita bampa ya mbele, boneti, milango, vioo vya pembeni, rimu zote nne na bampa ya nyuma, kisha ikaingia ndani kuonyesha dashibodi, kilomita zilizosomeka na kiwango cha mafuta, inatosha. Visisahaulike tairi la akiba, jeki na redio, vitu ambavyo hugeuka madai kirahisi. Video itumwe papo hapo kwa upande wa pili, ili tarehe na saa vibaki kwenye simu zote mbili. Chini ya gari ni mahali pa kuangalia kwa makini zaidi hasa kwa anayekwenda Chamazi, Goba au Bunju, ambako barabara nyingi za ndani hazina lami na sampu ya injini hugongwa na mawe bila dereva kujua hadi oili ianze kudondoka. Kinachoitwa uchakavu wa kawaida, yaani tairi kuisha, breki pedi kulika, vumbi kuingia kwenye vitambaa, kiko juu ya mwenye gari. Kodi ya kila siku imekwishaulipia.

Jambo la pili la kutazama kabla ya safari ni bima. Magari binafsi Tanzania yana namba za njano, na ya biashara yana namba nyeupe. Gari la namba za njano linalokodishwa mara nyingi limekatiwa bima ya matumizi binafsi, na kampuni ya bima ikigundua kwamba siku ya ajali lilikuwa limekodishwa, inaweza kukataa madai. Hapo mwenye gari hubaki na mkodi peke yake kama mahali pa kupata fedha. Hata bima ikiwa sahihi, aina yake ina uzito mkubwa. Bima ndogo, ambayo kila gari ni lazima liwe nayo kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ni kwa ajili ya hasara wanayopata watu wengine. Gari lililokodiwa halitengenezwi kwa bima hiyo. Bima kubwa ndiyo inayotengeneza gari lenyewe, na hata hiyo humwachia mwenye gari sehemu fulani ya hasara ailipe mwenyewe kabla ya kampuni kutoa fedha yake. Uhalali wa bima unaweza kuhakikiwa kwa namba ya gari katika mfumo wa kielektroniki wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Ajali inapotokea, desturi ya barabarani ni kuyamaliza palepale. Madereva wawili wanashuka, wanaangalia bati lililokunjika, mmoja anatoa fedha, magari yanaondoka kabla foleni haijawa ndefu. Kwa gari la mtu mwingine desturi hiyo ni ya hatari. Mkodi hana mamlaka ya kusamehe deni la mali isiyo yake, na bila taarifa ya polisi bima hailipi. Kinachotakiwa ni kupiga picha magari yakiwa pale yalipogongania, kuchukua namba za magari na majina ya mashahidi, kumpigia simu mwenye gari mara moja, na kumsubiri askari wa usalama barabarani apime. Aliyeumia hupewa fomu ya polisi ya PF3 kwa ajili ya matibabu. Taarifa ya polisi ya ajali, inayojulikana kama PF90, ndiyo kampuni ya bima itakayoidai. Ikionekana kwamba daladala ndiyo iliyomgonga mkodi, madai yanaelekezwa kwa bima ya daladala, na mwenye gari hapaswi kumbana mkodi kwa kosa la mtu mwingine, ila kama mkataba wao ulimbebesha.

Suala linalochukua muda mrefu kuliko yote ni kiasi. Mwenye gari hutaja jumla moja kubwa, mkodi hushtuka, na mazungumzo huanza kwa hasira. Njia ya haki ni kurudi kwenye kanuni iliyo katika kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba: fidia ni ya hasara iliyotokana na tukio lenyewe kwa njia ya kawaida. Mwenye gari anarudishwa pale alipokuwa kabla ya ajali. Hapelekwi mbele zaidi ya hapo. Toyota IST ya toleo la kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, na nyingi zilizoko Dar es Salaam zimefungwa bampa zilizotumika, zilizoingia nchini kama spea kutoka Japani au Dubai. Aliyevunja bampa ya namna hiyo anadaiwa bampa nyingine ya namna hiyo katika hali nzuri, pamoja na kazi ya kuifunga na kuipaka rangi. Kumdai bampa mpya ya kiwandani ni kumfanya alipie umri wa gari ambao hakuutumia yeye.

Kwa mfano, bampa na taa moja zilizotumika zikipatikana Gerezani kwa Sh180,000, kunyoosha bati kukagharimu Sh80,000 na rangi Sh150,000, deni ni Sh410,000. Mwenye gari akidai Sh1,200,000 kwa sababu anataka gari zima lipigwe rangi na taa zote mbili zibadilishwe ilhali imevunjika moja, ile Sh790,000 ya ziada ni matengenezo yake mwenyewe. Lakini haki haiegemei kwa mkodi siku zote. Fundi rangi mwaminifu atasema kwamba bampa mpya ya rangi ya lulu kando ya boneti iliyopauka kwa jua inaonekana kama kiraka, na kwamba paneli ya jirani nayo inahitaji kupigwa ili rangi ziendane. Gharama hiyo ni halali, kwa kuwa gari lenye rangi mbili limeshuka bei. Vilevile spea ya kopi isiyokaa sawasawa kwenye vishikizo vyake si malipo kamili, hata ikiwa nafuu.

Mwenye gari ana haki ya kuchagua fundi anayemwamini, na mkodi ana haki ya kuleta makadirio ya gereji nyingine. Makadirio mawili kutoka gereji zisizo na uhusiano na upande wowote, yakiorodhesha spea moja moja na kazi kando, kwa kawaida humaliza nusu ya ubishi. Mlipaji adai risiti ya EFD, na adai kuonyeshwa kitu kilichovunjika baada ya kubadilishwa. Hili la mwisho linadharauliwa, ilhali ni kinga rahisi dhidi ya taa inayodaiwa imebadilishwa kumbe imebandikwa gundi. Ikiwa kampuni ya bima imekwishalitengeneza gari, mwenye gari hawezi kulipwa gharama ileile mara ya pili na mkodi. Anachoweza kumdai ni ile sehemu ambayo bima haikulipa, ingawa kampuni yenyewe inaweza kumfuata aliyesababisha ajali.

Kisha kuna siku za gereji. Gari linaloingiza kodi kila siku likilala gereji wiki mbili, mwenye gari amepoteza kitu halisi, na sheria inaruhusu kukidai. Hata hivyo anatakiwa afanye juhudi za kupunguza hasara yake. Spea ikiwa inapatikana Kariakoo siku hiyohiyo, hawezi kuliacha gari mwezi mzima akihesabu siku. Wala si kila siku ya gereji ni siku ambayo lingekodiwa, kwa kuwa magari ya harusi hutoka zaidi Ijumaa na Jumamosi. Mkataba unaotaja faini nono kwa kila siku haumalizi mjadala, maana kifungu cha 74 kinaipa mahakama uwezo wa kutoa fidia ya kadiri isiyozidi kiwango kilichotajwa.

Ukodishaji ulioenea kuliko wa magari katika Tandale, Manzese, Tandika na Mbagala ni wa bodaboda na bajaji, na huko suala la matengenezo linagusa chakula cha kila siku. Dereva wa hesabu humpelekea tajiri, yaani mwenye chombo, kiasi maalumu kila siku na kubaki na kinachozidi. Kwa kawaida pancha na vitu vidogo ni vya dereva, na injini ikinoki ni ya tajiri. Dereva wa mkataba hulipa kila siku kwa mwaka mmoja au zaidi hadi chombo kiwe chake, na katika kipindi hicho matengenezo yote huwa juu yake. Hapo ndipo uonevu mkubwa hutokea. Pikipiki ikigongwa mwezi wa kumi, dereva akiwa amevunjika mguu, hesabu huendelea kuhesabiwa, gereji inamngoja, na akishindwa tajiri huchukua chombo pamoja na miezi kumi ya malipo. Mkataba wa haki wa aina hii hauna budi kusema wazi mambo manne: nani anakata bima kubwa na kwa fedha ya nani, kama hesabu husimama chombo kikiwa gereji au polisi, nani anabeba hasara chombo kikiharibika kabisa, na dereva anarudishiwa nini mkataba ukivunjika katikati. Inawezekana kuandika hayo kwenye ukurasa mmoja na kusaini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa au wakili. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa mahakamani hadi ushuru ulipwe.

Wasipoelewana, wengi hukimbilia kituo cha polisi. Deni la matengenezo ni la madai, na polisi hawana kazi ya kulikusanya. Kumweka mtu mahabusu ili ndugu zake wachange fedha ya bampa si utaratibu wa kisheria. Jinai huwepo kwa aliyekataa kurudisha gari, aliyeliuza, aliyeliharibu kwa makusudi, au aliyevunja Sheria ya Usalama Barabarani, na hata hapo faini inakwenda serikalini huku fidia ikidaiwa kivyake. Mahali pa kuanzia ni ofisi ya serikali ya mtaa kwa usuluhishi, kisha Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madai ya mikataba yasiyozidi Sh30,000,000 na huendeshwa kwa Kiswahili. Mwenye gari anayezungushwa na kampuni ya bima ana mlango mwingine: Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoko Dar es Salaam.

Ubishi wa namna hii haupo Tanzania pekee. Mwaka 2015 Tume ya Ulaya ilizifanya kampuni tano kubwa, zikiwemo Avis, Hertz na Europcar, zikubali kuboresha ukaguzi wa magari na jinsi zinavyowatoza wateja gharama za uharibifu, baada ya malalamiko mengi ya watalii waliokuta fedha zimekatwa kwenye kadi zao wakiwa wamesharudi nyumbani. Kwa mkodi wa Tegeta anayeshikiliwa dhamana yake kisa ni kilekile.

Malipo yakishafanyika, kazi moja hubaki. Pande zote mbili zisaini karatasi inayotaja tarehe ya ajali, kilichotengenezwa, kiasi kilicholipwa, na kwamba mkodi hadaiwi tena kwa tukio hilo. Dhamana irudishwe, au ihesabiwe ndani ya malipo na iandikwe hivyo, pamoja na kitambulisho ikiwa kilishikiliwa. Kila mmoja abaki na nakala.