Maji yanachemka kwa nyuzi 100? Siyo huku kwetu mlimani

Wadau, kuna swali ambalo mtoto wa darasa la nne anaweza kukuuliza mmekaa jikoni ukababaika: hivi maji yakichemka yanakuwa yamefanyaje? Wengi tunajibu haraka haraka, "yamefika nyuzi 100", basi. Ndivyo tulivyokaririshwa shule. Jibu hilo linamfaa mtoto wa Tanga au Dar es Salaam, kule usawa wa bahari. Mtoto wa Marangu ukimwambia hivyo unamdanganya, na sufuria lililo mbele yake litakuumbua.

Kwanza tuondoe hili la moshi (siyo mji wetu, ule wa jikoni). Watoto wanasema maji "yanatoa moshi". Waonyeshe birika linalochemka. Pale karibu kabisa na mdomo wake huoni kitu, kuna kinafasi kitupu, halafu ndo linaanza wingu jeupe. Mvuke wenyewe ni ule usioonekana. Lile wingu ni vitone vidogo vya maji, mvuke ulioanza kupoa. Ila asisogeze kidole kuhakikisha! Mvuke ukigusa ngozi unageuka kuwa maji na kuacha joto lake lote pale pale, ndiyo maana unaunguza vibaya kuliko hata maji ya moto.

Sasa tuangalie mapovu, maana hapa hata wakubwa wanachanganya. Vile vipovu vidogo vinavyong'ang'ania pembeni mwa sufuria mwanzoni ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji. Hapo bado hayajachemka. Baadaye yanaanza mapovu ya chini, yanapanda lakini yanafia njiani kwa sababu maji ya juu bado yamepoa. Ndo ule mlio wa sufuria "kuimba". Yakifika mpaka juu na kupasuka, uso wote ukavurugika, hapo yamechemka. Muulize mtoto ndani ya hayo mapovu makubwa kuna nini. Atasema hewa. Hapana, ni maji yenyewe yaliyogeuka mvuke.

Ili povu hilo liishi lazima lisukume uzito wa hewa iliyo juu ya maji. Ndiyo, hewa ina uzito. Mwambie mtoto afikirie amejitwika mkungu wa ndizi. Aliyeko pwani amejitwika mkungu mzima, kwa sababu hewa yote iko juu yake. Kila ukipanda mlima unaacha hewa nyingine chini yako, mzigo unapungua. Ukifika Uhuru, mita 5,895, umebaki na kama nusu tu. Mzigo ukiwa mwepesi, maji hayahitaji joto kubwa ili kuusukuma, kwa hiyo yanachemka mapema.

Kwa makadirio, kila mita 300 unazopanda unapoteza kama nyuzi moja. Moshi mjini maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Lango la Marangu karibu 94. Horombo kama 88, Kibo Hut 84 hivi, na kileleni karibu 80.

Unaona sasa kwa nini makande huku juu yanachelewa? Yanatokota vizuri tu, lakini kwenye maji yenye joto dogo. Na hapa kuna kosa linalomaliza kuni zetu: mtu anaongeza moto akidhani maji yatazidi kuwa ya moto. Hayazidi! Yakishachemka, moto wa ziada unageuza maji kuwa mvuke tu, joto linabaki pale pale. Punguza kuni, funika sufuria, makande yataiva kwa muda ule ule. Sufuria la presha ndo linalosaidia kweli, maana linaubana mvuke na kurudisha ule mzigo uliopotea, tena kwa ziada.

Najua mama mmoja atauliza: kama yanachemka kwa joto dogo, maji ya mfongo ni salama kweli? Ni salama. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havivumilii hata nyuzi 80. Wataalamu wa afya wa CDC, Marekani, wanashauri maji yatokote dakika moja, na ukiwa juu ya mita 2,000 hivi, dakika tatu. Lakini kuchemsha hakuondoi kila kitu. Yale madini ya floraidi yanayoharibu meno ya watu wengi Arusha na baadhi ya maeneo ya Hai hayapandi na mvuke. Yanabaki kwenye sufuria, na maji yakipungua ndo yanazidi kukolea.

Mtoto akipima akapata 94, jamani msimwambie kakosea kwa sababu kitabu kinasema 100. Mnamkumbuka Erasto Mpemba? Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba kule Tanga, aliona maziwa yake ya moto yameganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Mwalimu na wenzake walimcheka. Alipohamia Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, naye badala ya kucheka akaenda kujaribu. Mwaka 1969 walichapisha matokeo pamoja, na wakati huo Mpemba alikuwa chuo cha wanyamapori Mweka, hapo juu tu ya Moshi. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo lake mpaka leo.

Wenye kujaribu, tumieni kipimajoto cha maabara kinachofika 110. Kile cha kupimia homa kinaishia 42, ukikitia kwenye maji yanayochemka kitapasuka. Wa Rombo, Machame, Kibosho, na Old Moshi, pimeni muandike hapa chini mmepata ngapi, na mko kijiji gani.