Mtoto Akitaka Shule ya Sanaa

Ndugu zangu wasomaji, kila tukutanapo harusini au kwenye baraza ya Idi, hakosi mzazi mmoja kunivuta kando akaniuliza: "Mwalimu, mwanangu ataka kwenda shule ya sanaa. Nifanyeje?" Muulizaji aghalabu huwa ameshajijibu moyoni. Aona aibu, aona hasara, aona mtoto ameshapotea. Kwa kuwa jambo hili limetia ubaridi baina ya wazee na watoto katika nyumba zetu zaidi ya moja, nimeona bora nilieleze humu, ili kila nyumba isome na kushauriana.

Kwanza tuijue shule yenyewe. Mwaka 1936 Fiorello La Guardia, aliyekuwa meya wa New York, alianzisha shule ya sekondari ya muziki na uchoraji kwa watoto wa mji ule wenye vipawa, bila ya ada. Baadaye ikaanzishwa nyingine ya maigizo, dansi na muziki, na mwaka 1984 zote mbili zikatiwa katika jengo moja. Filamu ya Fame ya mwaka 1980 ilisimulia maisha ya wanafunzi wa shule ile ya pili. Filamu hiyo ikamtia hamu Mwingereza mmoja, Mark Featherstone-Witty, kutaka Uingereza nayo iwe na shule ya namna hiyo. Ndipo mwaka 1991 ikafunguliwa Shule ya BRIT huko Croydon, kusini ya London.

Shule hiyo haitozi ada ya masomo. Serikali huigharimia, na wafanyabiashara wa muziki huisaidia. Watoto huingia wakiwa na umri wa miaka 14 au 16, na si kila atakaye huingia: sharti apeleke maombi, kisha aoneshe mbele ya walimu kile akiwezacho. Aingiaye na miaka 14 husoma pia Kiingereza, hesabu na sayansi, akafanya mitihani ile ile ya taifa wafanyayo wenziwe. Basi mzazi anayedhani mwanawe akimbia masomo na atulie. Huko hukimbii masomo, bali huongezewa.

Watu hupenda kuwataja Adele, aliyemaliza hapo mwaka 2006, na marehemu Amy Winehouse, aliyepata kusoma hapo. Mimi nakuombeni msipime kwa majina hayo. Nyota ni wachache, na anayempeleka mtoto shule ili awe nyota ni kama anunuaye bahati nasibu. Faida ya shule hizi iko kwingine.

Sisi tuliosoma chuoni twaweza kuifahamu faida hiyo upesi. Neno la Mungu halilinganishwi na nyimbo wala maigizo. Nasema juu ya njia ya kufundisha tu. Chuoni ulikaa mbele ya mwalimu ukasoma kwa sauti, wenzako wote wakisikia. Ukikosea herufi, ulirudishwa pale pale, mara kumi au ishirini, mpaka ulimi ukanyooka. Hukuweza kumnakilia mwenzio, wala hukuweza kujificha nyuma ya karatasi. Ndivyo afundishwavyo mpiga fidla au mwigizaji. Hukosolewa hadharani asinune, hurudia asichoke, huja kwa wakati kwa sababu wenziwe hawawezi kuanza bila ya yeye. Katika miaka yangu ya ualimu niliwaona vijana wengi wenye alama nzuri za mtihani wasioweza hata moja katika hayo matatu.

Wala si jambo geni kwetu. Wazee wametuhadithia jinsi Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alivyompeleka mtu wake Misri kujifunza muziki. Klabu ya Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905, na mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kutia sauti yake katika santuri. Hao tunawasifu leo. Ajabu ni kuwa mjukuu akitaka kujifunza kwa utaratibu kile tunachokisifu kwa babu, twamwambia amepotoka.

Hofu ya wazazi, hata hivyo, haikosi sababu, na si vizuri kuicheka. Binti mmoja wa jamaa zetu alipofika miaka 16 alitaka shule ya namna hii. Baba yake alikataa katakata, na kwa wiki kadhaa chakula kililiwa kimya nyumbani mwao. Bibi yake ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: "Mwanangu, wataka kusoma nini hasa?" Kumbe mtoto hakutaka kusimama jukwaani. Alitaka ufundi wa taa na sauti, kazi ya wale wakaao nyuma ya pazia. Baba alitoa masharti yake juu ya sala na saa ya kurudi nyumbani, binti akayakubali, akasoma. Leo anafanya kazi ya taa katika kumbi za maigizo, na baba ndiye amwambiaye kila mgeni.

Kwa hiyo, mzazi, fanya haya. Muulize mtoto ataka fani gani, kwani ziko nyingi: uchoraji, filamu, ushonaji wa mavazi ya jukwaani, na nyinginezo. Nenda naye siku shule inapofungua milango kwa wazazi, uzungumze na walimu uso kwa uso. Uliza hati atakayoipata yakubaliwa na vyuo vikuu vipi. Umwambie mapema mipaka ya dini na ya nyumba, kwa maneno mazuri, kabla ya majaribio wala si baada yake. Mwisho mtazame miezi sita: je, hufanya mazoezi bila ya kuamrishwa? Ikiwa hafanyi, hiyo ni hamu ya kupita. Ikiwa hufanya, basi kipawa hicho ni amana uliyopewa uitunze.

Samaki mkunje angali mbichi. Lakini umkunje kwa upole, asije akavunjika mkononi mwako. Mwenyezi Mungu atuongozee watoto wetu, popote walipo. Amin.