Mlango au Bandari? Maelezo Juu ya Neno Moja la Mitandao

Neno "port" la Kiingereza lina asili mbili katika Kilatini: portus, yaani bandari, na porta, yaani lango. Mafundi wa mitandao ya kompyuta wamelichukua kwa jambo lao wenyewe, nasi hatuna budi kulipa jina. Wako watafsiri walioandika "bandari". Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba "mlango" ndilo neno lifaalo, kwa kuwa humwongoza mtu katika kazi yenyewe.

Na tuchukue mfano wa mwalimu mjini Sumbawanga. Ameweka vitabu katika kompyuta ya shule iendeshwayo kwa Linux, ili wanafunzi wavisome kwa mtandao wa ndani pasipo intaneti. Kompyuta huitumia, lakini nenosiri la msimamizi hanalo, na msimamizi yuko Mbeya. Kila aanzishapo programu ya seva, hukoma papo hapo. Akiambiwa kuwa "bandari imekataa", ataiwaza Kasanga, kule chini kwenye Ziwa Tanganyika, ambako vyombo vingi hutia nanga pamoja. Wazo hilo litampoteza.

Yafaa aambiwe hivi: anwani ya kompyuta ni kama nyumba, nayo ina milango iliyohesabiwa tangu 0 hata 65535. Kwa kawaida kila mlango hushikwa na bawabu mmoja, ndiyo seva. Bawabu akikataliwa, sababu aghalabu ni moja katika tatu, na Linux huzitofautisha kwa nambari.

Ya kwanza ni 13: bawabu hana idhini. Milango iliyo chini ya 1024 iliwekewa mwiko katika mifumo ya Unix ya Berkeley miaka ya 1980, ili mgeni aamini kwamba bawabu wake amewekwa na mwenye nyumba. Mlango wa 80, wa kurasa za mtandao, umo humo. Ya pili ni 98: mlango umekwisha shikwa, pengine na seva ile ile iliyoachwa ikifanya kazi tangu jana. Hapo idhini haisaidii. Amri ya ss -ltn itaonyesha milango iliyoshikwa. Ya tatu ni 99: anwani iliyotajwa si ya nyumba hii.

Penye 13, mwalimu achague mlango wa juu, mathalani 8080, na wanafunzi waandike nukta mbili na nambari hiyo baada ya anwani. Akitaka 80, amwombe msimamizi awaelekeze wageni wa 80 waende 8080, au aipe seva idhini ya kushika milango ya chini, basi. Tangu Linux 4.11 ya mwaka 2017, msimamizi aweza hata kuushusha mpaka wa 1024. Lisilofaa ni kuiendesha seva kwa mamlaka yote ya msimamizi, kwani mwizi aiwezaye seva hiyo ameiweza nyumba nzima.

Tena, seva yaweza kusimama vema na wanafunzi wasiione. Huenda imeshika 127.0.0.1, mlango wa chumbani, usiofikiwa na mtu wa nje. Ishike 0.0.0.0, yaani anwani zote za kompyuta ile.

Mlango hushikwa, hufunguliwa, hubishwa hodi, na huwa na bawabu. Bandari haivipokei vitenzi hivyo. Kwa sababu hiyo nashauri kamusi zetu ziandike "mlango".