Majonzi ya mtoto yana tiba, na si ya matajiri pekee

Mama mmoja wa viungani mwa Naitiri aliniletea mwanawe wa kiume wa miaka 11 mara tatu katika muda wa miezi miwili. Kila mara malalamiko yalikuwa yale yale: tumbo linauma, hasa asubuhi kabla ya kwenda shuleni. Mara ya kwanza nilimpa dawa ya minyoo. Mara ya pili nilimpima malaria, nisione kitu. Mara ya tatu nilikuwa karibu kumtuma Bungoma apigwe picha ya tumbo, ndipo nikauliza swali ambalo ningeuliza siku ya kwanza: "Mama, nyumbani kuna nini?"

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba baba wa mtoto alifariki katika ajali ya barabarani miezi mitano iliyopita. "Lakini huyu ni mtoto tu, daktari. Ameshasahau."

Mtoto aliinamisha kichwa na machozi yakaanza kumdondoka.

Nakueleza kisa hiki, msomaji mpendwa, ili nikiri kosa langu na ili wewe usilirudie nyumbani kwako. Wengi wetu huamini kwamba mtoto husahau upesi. Tukimficha maiti, au tukimwambia baba amesafiri, tunadhani tumemwondolea uchungu. Kumbe tumemwachia uchungu huo aubebe peke yake.

Dalili ni zipi?

Mtu mzima akifiwa hulia na kusimulia. Mtoto huenda akakosa maneno, na mwili ukasema badala yake. Hofu na majonzi huvuruga mishipa ya fahamu inayoongoza tumbo na moyo, kwa hivyo maumivu ya tumbo au kichwa anayolalamikia ni ya kweli. Hasingizii.

Mtoto mdogo anaweza kuanza tena kukojoa kitandani, kuogopa kulala peke yake au kumng'ang'ania mama. Wa shule ya msingi huota ndoto za kutisha, hushindwa kusikiliza darasani, na alama zake huporomoka. Kijana wa sekondari mara nyingi huonekana mkaidi: hasira za ghafla, utoro, pombe au bangi. Wazazi na walimu humwadhibu, na adhabu humwongezea jeraha.

Si kila mtoto aliyefiwa ni mgonjwa. Wengi hupata nafuu wakipendwa na kusikilizwa. Lakini dalili zikiendelea kwa wiki nyingi na kumzuia kusoma, kucheza au kulala, anahitaji ushauri nasaha.

Nani atamsaidia?

Hapa ndipo wazazi hukata tamaa. Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache nchini na wengi wao wako katika miji mikubwa. Nauli ya kwenda Eldoret na kurudi kila wiki, pamoja na siku ya kazi inayopotea, si jambo rahisi kwa mkulima wa mahindi wa Tongaren. Wengine husema ushauri nasaha ni mambo ya matajiri wa Nairobi.

Lakini ushahidi wa kinyume umepatikana hapa hapa kwetu. Kuanzia mwaka 2013, watafiti wa vyuo vikuu vya Duke na Washington vya Marekani, wakishirikiana na mashirika ya Bungoma na ya Moshi nchini Tanzania, walijaribu mpango uitwao Pamoja Tunaweza. Watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na wenye dalili za mshtuko au majonzi mazito, waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa tiba hiyo, na nusu wakaendelea na misaada ya kawaida inayotolewa kwa mayatima.

Walioitoa tiba hiyo hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida wasio na ujuzi wa awali wa tiba ya akili, waliofunzwa kazi hiyo kisha wakasimamiwa kwa karibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Huku Kenya, mjini na mashambani, waliopata tiba walipungukiwa na dalili kuliko wenzao, na nafuu hiyo ilionekana hata baada ya mwaka mmoja. Kule Moshi, baada ya mwaka tofauti haikuonekana tena, kwani makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu. Baadaye, mpango huo ulipelekwa kwa walimu na wahudumu wa afya wa kujitolea vijijini Bungoma.

Tiba yenyewe ni nini?

Watoto hukutana katika kikundi kidogo mara moja kwa wiki, kwa wiki 12. Hufundishwa kwamba wanayoyahisi ni ya kawaida kwa aliyefiwa. Hujifunza kupumua polepole ili kutuliza mwili, kutaja hisia zao kwa majina, na kutambua jinsi wazo baya, kwa mfano "baba alikufa kwa sababu yangu", linavyozaa huzuni. Kisha kila mtoto huketi peke yake na mshauri na kusimulia kidogo kidogo yaliyompata, hadi kumbukumbu ile ipungue makali. Walezi nao hufundishwa, maana mtoto hurudi nyumbani kwao.

Njia nyingine ya kupunguza gharama ni wanafunzi wa vyuo wanaosomea ushauri nasaha. Kwa kawaida hawahitimu bila kuwahudumia watu chini ya msimamizi, na vyuo vyenye kliniki za mafunzo mara nyingi hutoza ada ndogo. Usimdharau mwanafunzi. Hata mimi kidonda changu cha kwanza nilikishona mwalimu akiwa amesimama begani mwangu.

Kabla ya kumkabidhi mtoto wako kwa mshauri yeyote, uliza maswali matatu. Nani anamsimamia, na hukutana naye mara ngapi? Siri za mtoto zitatunzwa vipi? Mtoto akionekana yuko hatarini, mshauri atafanya nini? Asiyeweza kujibu, tafuta mwingine.

Ya kufanya nyumbani

Mwambie mtoto ukweli kwa maneno anayoyaelewa. Usiseme aliyekufa amelala, ataogopa kulala. Mruhusu alie, aulize, amtaje marehemu kwa jina. Rudisha ratiba ya kawaida ya shule, chakula na usingizi. Zungumza na mwalimu wake, na muulize mhudumu wa afya wa mtaa wenu kama kuna kikundi cha watoto karibu.

Lakini mtoto akisema anataka kufa, au akijaribu kujidhuru, usingoje wiki ijayo. Usimwache peke yake, ondoa dawa za mifugo na za kunyunyizia mimea nyumbani, na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Nambari 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo.

Yule mvulana wa Naitiri sikumpa dawa nyingine. Shuleni kwao kulikuwa na mwalimu aliyefunzwa ushauri nasaha, akawa anaketi naye kila Alhamisi. Muhula uliofuata mama alipita kliniki kununua dawa yake ya presha. Nilipomuuliza kuhusu tumbo la mtoto, alisema bado humuuma siku moja moja, ila sasa huja kumwambia, "Mama, leo namkumbuka baba." Kisha huchukua mkoba wake na kwenda shuleni.