Mchezo Mgumu: Upi Hufundisha, Upi Humaliza Fedha?

Ukipita Jumapili alasiri katika mitaa ya Mpanda, iwe Makanyagio au Kawajense, huenda ukawakuta watu wazima wameinamia bao chini ya mti, na hatua chache kutoka hapo vijana wameinamia simu. Wazee huwatazama vijana hao kwa masikitiko, wakisema kwamba wanapoteza wakati. Vijana nao huona kuwa bao ni mchezo wa waliokwisha kustaafu. Kumbe pande zote mbili huenda zimo katika shughuli moja, nayo ni kupambana na mchezo mgumu. Kwa hiyo swali linalompasa mzazi si kama mtoto wake anacheza, bali ni ugumu wa namna gani anaopambana nao.

Makala hii inakusudia kukueleza habari za aina moja ya mchezo wa kompyuta ambayo imezua mabishano mengi baina ya wahakiki, yaani wale ambao kazi yao ni kuicheza michezo mipya na kuwaeleza wanunuzi uzuri na kasoro zake. Ni mchezo wa hadithi za ajabu, ambamo mchezaji hujivika uhusika wa shujaa, mchawi au mwindaji, akasafiri katika nchi isiyokuwako duniani. Tuuite mchezo wa uhusika. Mabishano ya wahakiki hao yanaweza kumsaidia hata mzazi ambaye hajapata kuugusa mchezo wenyewe.

CHIMBUKO LAKE

Mchezo wa uhusika haukuanzia kwenye kompyuta. Ulianzia mezani, nchini Marekani, mwaka 1974, wakati Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Watu kadhaa waliketi pamoja. Mmoja akasimulia safari, wengine wakaamua wahusika wao watende nini, na dadu zikaamua kama wamefaulu.

Mwaka 1981 ilitoka Wizardry, kazi ya Andrew Greenberg na Robert Woodhead, iliyoihamishia safari hiyo kwenye kompyuta. Mchezaji aliongoza kikosi cha watu hadi sita ndani ya mahandaki yenye giza. Kompyuta haikumchorea ramani; ilimbidi achukue penseli na karatasi ya miraba, achore mwenyewe kila njia aliyopita. Aliyepotea alipotea kweli. Na kikosi kilichoangamia huko chini kilibaki huko huko, mpaka mchezaji akusanye kikosi kingine kwenda kukitafuta.

Miaka ilivyopita, michezo mingi ya makampuni makubwa ililegezwa. Mishale ilianza kuelekeza njia, na mchezaji akawa haambiwi tena kuchora lolote. Wengi walifurahia wepesi huo. Wachache walihisi kwamba wamenyang'anywa kitu.

MLIMA WA GRIMROCK

Mwaka 2012, mwaka ule ule ambao Katavi ilitengwa na Rukwa ikawa mkoa, kikundi kidogo cha Ufini kiitwacho Almost Human, kilichoanzishwa na watu wanne, kilitoa mchezo ulioitwa Legend of Grimrock. Watunzi hao walijitegemea. Hawakuwa chini ya kampuni yoyote kubwa. Walifuata kwa makusudi nyayo za Dungeon Master, mchezo wa mwaka 1987. Wafungwa wanne wanatupwa ndani ya mlima, nao hawana budi kuteremka mpaka chini kabisa ili wapate kutoka. Hutembea mraba kwa mraba. Mwenge huisha, chakula huisha, na mlango mmoja baada ya mwingine haufunguki mpaka kitendawili chake kiteguliwe. Anayetaka ugumu wa zamani huweza kuchagua kunyimwa ramani, akarudia penseli na karatasi.

Wahakiki wengi waliupokea mchezo huo kwa sifa. Waliusifu kwa vitendawili vyake, kwa hofu ya giza, na kwa kumheshimu mchezaji kama mtu mwenye akili. Lakini wapo walioona kasoro. Walisema hadithi yake ni nyembamba, na kwamba mapigano yake hugeuka kuwa mzunguko wa kumkwepa adui, pembe hii hadi pembe ile. Mwaka 2014 kikundi hicho kilitoa mchezo wa pili, kikawatoa mashujaa mahandakini na kuwapeleka kisiwani penye anga na misitu. Huo nao ulipokewa vema.

Zingatia jambo moja, msomaji. Kutembea mraba kwa mraba, ambako mhakiki mmoja hukuona kuwa ni kifungo, mwenzake hukuona kuwa ndiyo raha yenyewe. Hapana mwongo kati yao. Mmoja alikulia katika mahandaki ya penseli na karatasi. Mwingine alizoea kukimbia huru kwenye uwanja mpana. Ndiyo maana hukumu ya mhakiki haitoshi mpaka ujue alitafuta nini mchezoni, na alivumilia kwa muda gani kabla ya kuandika.

KIPIMO KIPO NYUMBANI

Sisi tunacho kipimo cha kale cha ugumu wa mchezo, nacho ni bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, katika safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 zilizokwisha kupangwa upande wake na 22 za kunamua. Anayeanza kujifunza hufungwa mara nyingi, na mara nyingi huchekwa na watazamaji. Mbona basi harudi nyumbani na kuususa?

Sababu ni kwamba bao halidanganyi. Hakuna dadu wala bahati nasibu. Kete zote zilizo mashimoni ziko wazi mbele ya macho ya wote wawili. Aliyefungwa anaweza kurudi nyuma kwa mawazo, akatambua: hapa niliitumia nyumba yangu mapema mno, pale nilishindwa kuhesabu mizunguko. Kesho hufungwa tena, lakini kwa kosa jingine. Huo ndio ugumu unaofundisha, kwa kuwa mtu hulipa kwa subira na kupata maarifa.

Mchezo mzuri wa uhusika wa mtindo wa kale hufanana na bao kwa jambo hilo. Kikosi kinapoangamia, mchezaji aliye makini hujua kwamba alisahau chakula, au alifungua mlango bila kujiandaa. Mchezo mbovu humwua asijue kwa nini. Wahakiki wenye busara hulitenga jambo hili: hawaulaumu mchezo kwa kuwa mgumu, huulaumu kwa kuwa mgumu pasipo haki.

UGUMU UNAOUZWA

Uko ugumu wa aina ya tatu, na huu ndio unaotuhusu zaidi wenye familia. Michezo mingi ya simu hutolewa bure. Mtoto huanza kwa urahisi na kushinda mfululizo. Baadaye njia huzibwa ghafla. Huambiwa asubiri saa kadhaa, au alipe ili aendelee sasa hivi. Ugumu huo haukuwekwa ili uishindwe kwa akili. Umewekwa ili ushindwe kwa fedha, na atakayelipa leo atawekewa ukuta mwingine kesho. Mfanyakazi anayeona fedha za simu zikiyeyuka kila wiki asimwite mtoto wake mvivu kabla hajautazama mchezo wenyewe.

NA HADITHI ZETU JE?

Huenda ukasema kwamba mahandaki ya Ufini hayatuhusu. Basi tazama Cameroon. Mjini Yaounde kikundi cha Kiro'o Games, kikiongozwa na Olivier Madiba, kilitoa mwaka 2016 mchezo wa uhusika uitwao Aurion: Legacy of the Kori-Odan. Shujaa wake ni mwana wa mfalme anayepinduliwa siku ya kutawazwa, naye hupata nguvu zake kutoka kwa mababu. Watunzi waliumaliza licha ya umeme kukatika mara kwa mara, shida ambayo wakazi wa Mpanda, mji uliotegemea majenereta kwa miaka mingi, hawahitaji kuelezwa. Wahakiki waliusifu ulimwengu wake wa Kiafrika, na baadhi wakalalamikia mazungumzo yake marefu. Ulihukumiwa kama kazi nyingine yoyote, na hiyo ndiyo heshima anayoistahili fundi.

Katavi nako hakukosi hadithi. Wenyeji husimulia habari za Katabi, mwindaji ambaye roho yake inaaminika kukaa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1974. Watu huacha sadaka shinani mwa mti huo wakiomba baraka zake. Kijana anayetaka kutunga mchezo wa safari, njaa, wanyama wakali na miiko hana haja ya kuazima mlima wa mbali.

Kwa hiyo, mzazi, jioni ya leo keti karibu na mwanao, umwombe akuoneshe mchezo wake. Muulize: ukishindwa, unajua kosa lako? Akikueleza vema, mwache ahangaike nao kwa saa mtakazokubaliana, kisha mfundishe bao, ili naye ajaribu kukufunga. Lakini akijibu kwamba hana kosa ila hana fedha, hapo umekwisha kuujua mchezo huo, na una haki ya kuufuta kwenye simu.