Mafunzo ya Mwezeshaji Yafuate Msimu: Mpango kwa Skimu za Mpunga za Rujewa (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza utaratibu wa kazi wa mizunguko mifupi, yaani utaratibu ambao kikundi kidogo hupanga kazi ya wiki chache tu, huitekeleza, hukagua matokeo yake na kurekebisha mpango kabla ya kuanza mzunguko mwingine. Utaratibu huo ulipata umaarufu baada ya wataalamu 17 wa programu za kompyuta kutoa azimio lao katika jimbo la Utah, Marekani, mwaka 2001, ingawa wakulima wa mpunga wa Asia na vikundi vya elimu ya watu wazima vya Tanzania walikuwa wamekwisha kufuata mwenendo wa namna hiyo. Sehemu hii inamhusu mwezeshaji, ambaye si bosi wa kikundi wala mwalimu wake, bali ni mtu anayelinda muda, anayeuliza maswali, anayehakikisha kwamba wanyamavu nao wamesikika, na anayeona kuwa kila uamuzi umekabidhiwa mtu wa kuutekeleza. Linalochunguzwa ni namna ya kupanga mafunzo yake katika eneo kama Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, ambako mpunga wa Usangu hutegemea maji ya mifereji yanayogawanywa kwa zamu.

Tanzania ina mfano wake mkubwa wa kuwaandaa watu wa aina hiyo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa vipindi vya redio na vijitabu, ilihitaji viongozi wa vikundi wapatao 75,000, nao walifundishwa kwa ngazi, wakufunzi wa juu wakiwafundisha wale wa chini yao hadi kufikia vijijini. Kiongozi alikusanya watu kila wiki, wakasikiliza kipindi, kijitabu kikasomwa kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya, kama vile kuchimba choo au kufukia madimbwi yanayozalisha mbu. Walioshiriki walikadiriwa kufikia milioni 2. Mafunzo mafupi yaliwatosha viongozi hao kwa sababu maarifa yenyewe yalibebwa na redio na kijitabu, na hatua zilizotakiwa zilijulikana tangu mwanzo; kazi ya kiongozi ilikuwa kuuelekeza mjadala kwenye utekelezaji.

Hali hubadilika pale ambapo jibu halijulikani mapema. Nchini Indonesia, dawa za kuulia wadudu zilipowaangamiza buibui na maadui wengine wa asili wa wadudu wafyonzao mpunga, wadudu hao walizidi badala ya kupungua, na mwaka 1986 serikali ikapiga marufuku aina 57 za dawa katika mashamba ya mpunga. Mwaka 1989, kwa msaada wa FAO, zikaanza shule za wakulima shambani, ambazo Tanzania huziita shamba darasa na ambazo kufikia mwisho wa miaka ya 1990 zilikuwa zimeanza kuingia Afrika Mashariki, mkoa wa Kagera ukiwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Wawezeshaji wa shule hizo walifundishwa msimu mzima, wakilima wenyewe kuanzia kitaluni hadi mavunoni, nao walizoezwa kutokimbilia kutoa jibu: mkulima akiuliza mdudu aliyemshika ni wa aina gani, mwezeshaji humuuliza amempata wapi, alikuwa akifanya nini, na angeweza kula nini.

Ugawaji wa maji Rujewa ni wa kundi hili la pili. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi katika Hifadhi ya Ruaha, na hivyo kila lita inayoingia majarubani Mbarali ina mdai mwingine chini ya mto. Hakuna kijitabu kinachoweza kueleza mapema zamu ihesabiweje mvua zikichelewa, au wa mwishoni mwa mfereji wafidiwe vipi. Hayo huamuliwa na wanaskimu wenyewe, wiki baada ya wiki.

Kwa hiyo mpango wa mafunzo hauna budi kuanzia mwisho, kwa kutaja kile ambacho mwezeshaji ataonekana akikifanya mbele ya kikundi, ndipo ratiba ipangwe kurudi nyuma. Awamu ya kwanza, ya siku chache kabla ya vitalu kumwagwa mbegu, ingefundisha mambo matatu tu: kuendesha kikao kifupi, kuuliza swali lisilobeba jibu lake, na kuandika maamuzi mahali ambapo wote wanayaona. Chuo cha Kilimo cha Igurusi, kilichomo katika wilaya hiyohiyo, kingefaa kuwa mwenyeji wake. Baada ya hapo kila mshiriki angepewa kikundi halisi, akiongoza kikao cha wiki huku mwenzake akimtazama na kuandika aliyoyaona, na wote wangekutana kwa siku moja wakati wa kupandikiza, wakati wa palizi na baada ya mavuno. Mada nyingine, kama vile kusuluhisha ugomvi wa zamu, zingefundishwa katika mikutano hiyo, kwa sababu ndipo washiriki wanapokuwa wamekutana na ugomvi wenyewe.

Pingamizi la wazi ni gharama, kwa kuwa semina ya siku tano hulipiwa mara moja na kumalizika, ilhali msimu ni miezi. Hata hivyo siku za darasani katika mpango huu hazizidi sana zile za semina. Kilichobadilika ni kuzitawanya, na sehemu kubwa ya mafunzo hufanyika katika vikao ambavyo skimu ingevifanya hata hivyo. Cheti nacho kisitolewe kwa mahudhurio, bali kwa kipimo kimoja kinachoweza kuonekana: mwezeshaji asipofika, kikundi kiweze kuendesha kikao chake, kugawa zamu na kutimiza kilichoamuliwa.

Sehemu ya tatu itachambua uteuzi wa washiriki, hasa uzito wa kuchanganya viongozi wa skimu na wakulima wa mwishoni mwa mfereji katika darasa moja.