Somo la Leo: Kuandika Anwani

Wanafunzi wetu wa Muze: Kila mmoja ashike kalamu.

Mstari wa kwanza, andika jina lako kamili. Wa pili: S.L.P., yaani Sanduku la Posta, na namba yake. Wa tatu: Sumbawanga. Kama sanduku ni la shule, chini ya jina lako andika "Kupitia kwa" na jina la shule, ndipo barua ishuke mlimani ikufikie.

Namba ya simu ina tarakimu 10. Ziandike nne, tatu, tatu, kisha uzihesabu. Kwa aliye ng'ambo, ondoa 0 ya mwanzo, uweke +255. Ukikosea tarakimu moja, fedha za ufuta wako huenda zikampata mwingine.

Usibadili mpango: ukiandika jina hivi leo na vingine kesho, karani atadhani ni watu wawili.